Litungu na magitaa: vijana wa Bungoma watafuta njia yao

Mtu wa Mombasa au Lamu ukimtajia muziki wa Magharibi ya Kenya, atakujibu isukuti, basi. Akijitahidi zaidi atamkumbuka marehemu Daudi Kabaka na mtindo wake wa twisti. Nami nilikwenda Kitale na Bungoma na akiba hiyo hiyo ndogo, nia yangu kuwasikiliza vijana wa vyuo wanaojiundia bendi wenyewe, bila ya kampuni wala tajiri wa kuwanunulia vyombo.

Kitale sitakawia. Ni mji wa baridi, mashamba ya mahindi kila upande na Mlima Elgon ukiutazama. Vijana niliowakuta mazoezini huko walikuwa watano, wana magitaa matatu, ngoma za Kizungu na kinanda cha umeme. Walicharaza vizuri, lakini kila kibao ungedhani umekwisha kukisikia redioni. Nilipowauliza kwa nini hawaimbi kwa lugha za kwao, walicheka, wakasema huo ni muziki wa harusi za wazee.

Nikashika njia ya Kiminini na Webuye hadi Bungoma, na huko ndiko nilikopata cha kuwasimulia.

Matamasha ya muziki ya shule na vyuo si jambo geni nchini. Tamasha kubwa la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na hadi leo kwaya na vikundi vya ngoma hupanda ngazi moja baada ya nyingine vikitafuta alama za waamuzi. Lakini hili nililolihudhuria lilikuwa dogo, la wanafunzi wa chuo kimoja walioalika bendi changa za vyuo jirani. Jukwaa lilikuwa la mbao, spika za kukodi, na waliokosa viti walisimama chini ya miti. Zawadi haikuwa kikombe. Mshindi angelipiwa siku mbili za kurekodi studioni, na kwa kijana asiye na shilingi hilo ni jambo kubwa kuliko kikombe cha fedha.

Bendi iliyonivuta ilikuwa na magitaa mawili, ngoma na litungu. Msomaji ambaye hajaliona litungu na afikirie bakuli la mti lililowambwa ngozi, limetokeza mikono miwili iliyounganishwa juu kwa kijiti, na nyuzi saba zimetandwa katikati. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za mishipa ya wanyama, siku hizi mshipi wa kuvulia samaki unatosha. Ni ala ya Wabukusu, na ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, aliyoitembeza duniani marehemu Ayub Ogada. Wenye jamaa Ghuba huenda wameiona huko tambura, ala ya nyuzi sita iliyovuka bahari pamoja na watu kutoka Sudan. Ukiziweka pamoja hutauliza kama zina nasaba.

Magitaa nayo yana historia katika upande huu. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alilipiga gitaa kavu kwa vidole mpaka ukadhani wamekaa watu wawili. Abana ba Nasery wa Bunyore waliongeza chupa ya Fanta ikikwaruzwa kushika mapigo, na muziki wao ukatolewa kwenye albamu huko Uingereza mwaka 1992. Vijana hawa wa Bungoma waliyajua hayo yote. Mcharazaji wao wa gitaa la solo aliniambia kuwa hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mwalimu.

Taabu ilikuwa moja. Mpiga litungu wao hakuwa mwanafunzi. Ni kijana wa boda boda aliyefunzwa na babu yake, na sharti la tamasha lilisema wazi kuwa kila apandaye jukwaani awe amejiandikisha chuoni. Saa mbili kabla ya zamu yao, kamati ya wanafunzi ilikaa chini ya mwembe kulizungumza. Kiongozi wa bendi nyingine alipinga, na maneno yake hayakuwa ya wivu. Alisema leo ukimruhusu huyu, kesho mwenye pesa ataleta wapigaji wa kukodi kutoka Nairobi, na sisi tutabaki watazamaji. Hapo mimi nilikuwa upande wake, ingawa masikio yangu yalikuwa upande mwingine.

Mtu mmoja akapendekeza sehemu ya litungu ipigwe kwa kinanda cha umeme. Wakaijaribu pale pale. Tuni ilikuwa sahihi kabisa, lakini ilikuwa imekufa, mithili ya kasida inayosomwa na mtu asiyejua maana yake.

Basi wakaamua. Walijitoa katika mashindano, wakaomba wapige mwisho kama wageni, wakijua kuwa zile siku mbili za studio zimekwenda. Jua lilikuwa limeanza kuinama walipopanda. Litungu lilianza peke yake, magitaa yakaingia taratibu kama watu wanaobisha hodi, kisha ngoma. Waimbaji walichanganya Kibukusu na Kiswahili, na hicho Kiswahili chao si cha kuombea maji. Nikakumbuka kuwa Mumias haiko mbali na hapo, mahali ilipotua misafara ya Pwani katika karne ya 19. Waliokuwa chini ya miti wakaanza kutikisa mabega katika kamabeka, wanafunzi kwa wapishi. Bendi iliyoshinda, nayo ilistahili, ilikuwa mbele kabisa ikicheza.

Baadaye nilizungumza na kiongozi wao. Wawili kati yao wanamaliza masomo mwaka huu, mmoja ameahidiwa kazi Eldoret, kwa hiyo wakichelewa hakuna bendi tena. Wanakusanya pesa za studio kidogo kidogo kwa kupiga katika harusi. Mpiga litungu hakudai mgao. Ametaka tu siku ya kurekodi wamlipe kiasi kile anachokipata kwa abiria, kwa sababu pikipiki anayoiendesha ni ya mtu mwingine, na mwenyewe hutaka hesabu yake kila jioni.