Ndugu Diwani

Kwenye mkutano wa mtaa wetu, mzee mmoja mwenye fimbo alisimama kuuliza habari za mtaro ulioziba. Akaanza, "Ndugu Diwani…" Hajafika mbali, kijana aliyekaa mbele yake akageuka, akamnong'oneza: "Mzee, sema Mheshimiwa." Mzee akanyamaza. Akaanza upya, "Mheshimiwa Diwani," na swali alilokuja nalo likatoka fupi, limepoa, kama mtu anayeomba asichostahili. Katika miaka yote niliyofundisha isimu, sijapata mfano wa nguvu ya neno ulionikaa moyoni kama ule.

Mzee hakukosea. Alisema Kiswahili cha ujana wake. Ndugu kwa asili ni mtu wa damu, mliyezaliwa naye au mnayehesabiana ukoo. Kwetu Tanzania, chama cha TANU kililitoa neno hilo nyumbani kikalifikisha kwenye taifa zima: ahadi ya kwanza ya mwanachama wake ilikuwa kuwakubali binadamu wote kuwa ndugu zake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, waziri akawa Ndugu, karani Ndugu, mkulima Ndugu. Kabla ya hapo lililotawala ni Bwana, neno lililobeba kumbukumbu ya mwenye watumwa na ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Halikufa; hadi leo mtaalamu wa kilimo kijijini ni Bwana Shamba, ingawa wengi wanaomwita hivyo hawafikirii tena mabwana wale.

Lakini ndugu lina jambo ambalo Bwana halina, nalo limo ndani ya maana yake. Ni neno la pande mbili. Nikiwa ndugu yako, na wewe ni ndugu yangu. Haiwezekani mmoja awe na udugu na mwenzake asiwe nao. Tena haliulizi kama huyu ni mwanamume au mwanamke, ameolewa au hajaolewa. Sasa litazame mheshimiwa. Tumechukua kitenzi heshimu, tukakitia kauli ya kutendwa, heshimiwa, kisha tukatanguliza m- ya mtu. Anayeheshimu hatajwi. Yupo, ndiye anayetamka, ila ndani ya neno hana nafasi. Na neno lenyewe halirudi: diwani hakumjibu mzee yule "Mheshimiwa mwananchi". Sisemi kiongozi asiheshimiwe. Ninasema ukilitamka neno hili mara arobaini katika mkutano mmoja, unakuwa umemweka mtu juu mara arobaini, na kila mara wewe mwenyewe umebaki chini.

Itikadi hupenda kuingia kwa njia hii, kupitia maneno ya kila siku, kwa sababu hayo hatuyapimi kabla ya kuyasema. Kunyonya lilikuwa tendo la mtoto na titi la mama yake. Wakati wa Ujamaa likafanywa tendo la tajiri kwa mfanyakazi, na anayenyonya akaitwa kupe. Mfugaji yeyote anamjua kupe, anajua anavyovimba na jinsi ng'ombe anavyokonda. Hakuna kitabu cha uchumi ambacho kingemfundisha haraka hivyo. Bepari nalo lilitoka lugha za Bara Hindi, likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Jina la Shakespeare lilitaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akawafanya wengi, tena kwa neno ambalo wakati ule lilikwisha kuwa na harufu ya unyonyaji. Tafsiri ikawa pia hotuba, kuanzia jaladani.

Haina maana kwamba kuitana ndugu kulileta usawa. Wapo waliofokewa na "Ndugu Meneja" na wakanyimwa haki zao na "Ndugu Katibu". Neno halifuti tofauti ya mshahara. Ila lilimpa mnyonge kauli ya kushika: aliweza kumkumbusha mkubwa kile ambacho mkubwa mwenyewe alikiri hadharani kila siku. Miaka ya 1990, Azimio la Zanzibar lilipokwisha kulegeza masharti ya uongozi na vyama vingi vikaingia, mheshimiwa alisimama kila mahali. Ndugu akabaki zaidi kwenye vikao vya chama tawala na kwenye bahasha, amefupishwa kuwa Ndg. Mtaani kuna neno chungu watu walilobuni, undugunaizesheni, kwa ajili ya kazi zinazogawiwa wana wa shangazi. Udugu uliokuwa umepanuliwa hadi mipaka ya nchi ulirudishwa kwenye ukoo, na safari hii ukiwa ni shutuma.

Kenya, ambako dola haikupita njia ya ndugu, watu walipata silaha yao wenyewe. Mwananchi ni mwana wa nchi. Wakasema basi wapo na wenyenchi, wanaoimiliki. Badala ya mwana wameweka mwenye, na mgogoro mzima wa ardhi na madaraka ukaonekana. Napenda ubunifu wa namna hiyo. Unaonyesha kwamba anayetawaliwa naye hufinyanga lugha, hasubiri kufinyangiwa.

Mwezi uliopita niliketi kuandika majina kwenye kadi za harusi ya mtoto wa kaka yangu. Zilichapwa kama zote: Mh./Dkt./Bw./Bi./Ndg., kisha mstari wa nukta, nawe unakata visivyomhusu mwalikwa. Ndg. iko mwisho kabisa, kwa yule asiye na kingine. Nilianza na kadi ya mzee wa fimbo. Nikakata vifupisho vinne, nikaacha cha tano. Iliyofuata ilikuwa ya diwani, nikaikata vilevile. Walikuja wote wawili.