Amplifaya ya Valvu na Spika Zenye Kiu ya Mkondo

Namba iliyoandikwa nyuma ya spika, kwa kawaida omu 4 au 8, si kipimo kimoja kisichobadilika, kwa kuwa impidansi, yaani jumla ya upinzani ambao spika huuwekea mkondo geu wa umeme, hupanda na kushuka kadiri masafa ya sauti yanavyobadilika. Spika inayoitwa ya omu 4 inaweza kufikia omu 20 katika besi, pale ambapo koni yake hutetema kwa wepesi kuliko mahali pengine popote, kisha ikashuka hadi omu 3 juu kidogo ya hapo. Amplifaya nzuri ya transista hupita katika milima na mabonde hayo bila kujali sana, lakini ile ya valvu huyageuza yakasikika.

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambamo kathodi iliyopashwa moto hutoa elektroni zinazovutwa na anodi yenye mamia ya volti, huku gridi iliyo kati ya hizo mbili ikiutawala mkondo huo. Kwa maumbile yake valvu ina volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika hutaka volti chache na ampea kadhaa, na ndiyo sababu transfoma ya kutokea huwekwa katikati ili kuzipatanisha. Transfoma hubadilisha impidansi kwa kipeo cha pili cha uwiano wa mizunguko yake ya waya, hivyo jozi ya valvu za EL34 inayotaka kuona omu 6,600 huhitaji uwiano wa takriban 29 kwa 1 ikiwa spika ni ya omu 8. Fundi akiichomeka spika ya omu 4 kwenye ncha ya transfoma iliyokusudiwa omu 8, valvu huona omu 3,300 tu: anodi hupata joto zaidi, nguvu safi hupungua, na mikwaruzo huongezeka. Hatari kubwa zaidi, ambayo waliozoea transista huisahau, ni kuiwasha amplifaya ya valvu na kuipigisha muziki bila spika yoyote, kwani volti zinazoruka ndani ya transfoma zinaweza kuichoma.

Katika miji ya Arua na Koboko, eneo la West Nile nchini Uganda, amplifaya za valvu ni adimu, lakini mizigo inayozitesa imejaa tele, kwa sababu spika za harusi, za disko na za makanisa huunganishwa sambamba ili sauti ienee. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa hivyo huwa omu 4, na nne huwa omu 2. Tatizo huzidi pale honi za msikiti zinapokaa mbali na amplifaya, maana waya wa shaba wenye milimita mraba 1.5, ukienda mita 50 na kurudi, una upinzani wa omu 1.15 hivi, na mbele ya mzigo wa omu 2 waya huo hula zaidi ya theluthi ya nguvu kabla haijafika kwenye honi. Dawa yake ni ya zamani, nayo ni laini ya volti 100, ambamo kila honi hupewa transfoma yake ndogo: honi ya wati 10 huonekana kama omu 1,000, nne kama omu 250, na upotevu wa waya huwa si kitu.

Jambo lililobaki ni besi, na hapa ndipo muziki wa eneo lenyewe unapokuwa mtihani mkali, kwani adungu kubwa, kinubi cha Waalur ambacho kwaya nyingi za West Nile hukipiga, hutoa noti nzito na fupi zinazodai koni isimame mara tu uzi unapotulia. Amplifaya ya valvu yenye impidansi ya ndani ya omu 2 huupa ule mlima wa omu 20 volti nyingi kuliko bonde la omu 3, kwa tofauti ya desibeli 3.6, na koni huendelea kujitikisa kwa kukosa breki. Adungu husikika kama imefunikwa blanketi. Kuhamia ncha ya chini, kutoka omu 8 hadi 4, huigawa impidansi hiyo ya ndani nusu, tofauti ikabaki desibeli 2.1 hivi, na wakati huohuo huirudishia valvu mzigo wake halali.

Kuna pia hesabu ya umeme. Kabla ya gridi ya taifa kufika mwaka 2024, Arua ilitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5, na hadi leo sehemu nyingi hutumia sola. Kupasha moto kathodi za EL34 nne peke yake hula wati 38, kabla hata noti moja haijapigwa. Kwa hiyo kuongeza valvu ili kuishinda spika ngumu ni njia mbaya kuliko kuchagua spika sikivu: inayotoa desibeli 97 kwa wati 1, umbali wa mita 1, hufanya kwa wati 10 kazi ambayo ile ya desibeli 87 huifanya kwa wati 100.