AFYA YETU: Mguu wa bandia na haki katika mbio



Mtu yeyote aliyepanda kwa miguu kutoka Mbamba Bay kuja Mbinga anajua kazi ya kifundo cha mguu. Kila hatua mlimani, misuli ya shavu la mguu huvuta kisigino na kuusukuma mwili mbele. Aliyekatwa mguu chini ya goti amepoteza nguvu hiyo. Je, inawezekanaje basi wakimbiaji wenye miguu ya bandia wazuiwe kushindana na wenye miguu yao, kwa madai kwamba wao ndio wanaopata faida? Tuliangalie jambo hilo, maana linawahusu pia watoto wetu.

Miguu ya aina mbili

Mguu wa kutembelea una kikombe kinachovishwa kwenye kigutu, nguzo, na unyayo. Umetengenezwa kwa ajili ya kusimama, kutembea na kufanya kazi. Mguu wa mbio ni tofauti: hauna kisigino, ni bapa lililopindwa la nyuzi za kaboni. Likikanyagwa hujikunja kama upinde, kisha hujifyatua. Haliongezi nguvu mpya, bali hurudisha sehemu kubwa ya ile aliyoiweka mkimbiaji.

Kesi iliyoanzisha mjadala

Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alizaliwa mwaka 1986 akiwa na kasoro ya mifupa, akakatwa miguu yote miwili chini ya goti kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 2007 alipimwa huko Cologne, Ujerumani. Wapimaji walisema kwamba katika mwendo uleule anatumia nguvu pungufu kwa karibu asilimia 25 kuliko wenzake. Januari 2008 Shirikisho la Riadha la Kimataifa likamzuia. Mei mwaka huohuo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaondoa katazo hilo, kwa kuwa shirikisho halikuthibitisha kwamba faida zinazidi hasara katika mbio nzima. Mwaka 2012 alikimbia mita 400 katika Olimpiki ya London hadi nusu fainali. Baadaye alifungwa kwa kumuua mpenzi wake mwaka 2013, lakini swali kuhusu miguu hiyo lilibaki.

Faida na hasara

Wataalamu wenyewe hawakukubaliana. Kwa upande mmoja, bapa ni jepesi kuliko mguu wa nyama na mfupa, hivyo hurushwa mbele haraka, tena halichoki. Kwa upande mwingine, halisukumi ardhi kwa nguvu kama mguu wa kawaida, na mkimbiaji hupata taabu anapoanza mbio.

Kuna pia suala la urefu. Bapa refu zaidi huweza kurefusha hatua. Mwaka 2012 huko London, katika Michezo ya Paralimpiki, Pistorius mwenyewe aliposhindwa mita 200 na Alan Oliveira wa Brazil alilalamika kwamba mabapa ya mwenzake ni marefu mno. Mwaka 2020 mahakama ileile ilisema si halali kumtwisha mwanariadha mlemavu mzigo wa kuthibitisha kwamba hana faida. Hata hivyo ilimzuia Mmarekani Blake Leeper, kwa sababu mabapa yake yalimfanya awe mrefu kwa sentimita kadhaa kuliko ambavyo angekuwa na miguu ya kuzaliwa.

Tusidhani kwamba swali hili ni la walemavu tu. Baada ya Eliud Kipchoge wa Kenya kukimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, viatu vyenye kaboni navyo vilizua ubishi. Mwaka 2020 shirikisho likaweka kikomo: soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja.

Na hapa kwetu?

Mtoto mwenye mguu wa kutembelea hana bapa la kumrusha. Akitaka kukimbia na wenzake siku ya michezo ya shule, hamwibii mtu haki. Asizuiwe kwa sababu ya habari za Olimpiki. Jambo la kuangaliwa ni afya ya kigutu chake:

1. Kioshwe kila jioni kwa maji na sabuni, kikaushwe vizuri, na kikaguliwe pande zote.

2. Kukiwa na lengelenge, kidonda au wekundu usioisha, avue mguu na apelekwe zahanati. Mwenye kisukari asingoje maumivu, kwani huenda asiyasikie.

3. Mtoto hukua. Kikombe kikibana au mguu ukiwa mfupi, apimwe upya. Asilazimishwe kuuvumilia.

Anzeni katika zahanati iliyo karibu, au Hospitali ya Litembo au Peramiho, mwombe kuelekezwa kwa fundi wa viungo bandia. Nchi yetu ina chuo cha mafundi hao, TATCOT, hapo KCMC Moshi, tangu mwaka 1981. Mzazi, usimfiche mtoto nyumbani kwa kudhani hakuna la kufanya.