Uzamili wa usanifu na sanaa: hesabu ya mtu wa Arusha

Pale Tengeru, chini ya Mlima Meru, kuna chuo kisichofundisha chochote chini ya uzamili: Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Ukiwa mbunifu majengo, mchoraji au mbunifu wa mitindo, geti lile si lako. Kule ni sayansi na uhandisi. Chuo cha Ufundi Arusha kinatoa mafundi na wahandisi. Chuo cha Makumira, Usa River, kina muziki. Kwa hiyo anayetaka uzamili wa usanifu au sanaa lazima apande basi, na kabla hajakata tiketi inafaa ajue analipia nini.

Tuanze na wabunifu majengo, maana hao ndio wanaopoteza fedha nyingi bila sababu. Shahada ya kwanza ya usanifu pale Chuo Kikuu Ardhi ni miaka mitano. Baada ya hapo kinachokupa haki ya kusaini michoro ni usajili wa Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya Sheria Na. 4 ya 2010: mafunzo ya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, kisha mtihani. Uzamili hauna nafasi katika ngazi hiyo. Mhitimu asiye na usajili anayekimbilia uzamili kwa sababu ajira zimekauka atarudi na vyeti viwili, na bado ataomba mtu mwingine amgongee muhuri. Mteja wa Njiro anayetaka kibali cha ujenzi haulizi una shahada ngapi. Maoni yangu ni kwamba asiyesajiliwa amalize kwanza usajili, hata kama ofisi inayompokea inamlipa nauli tu. Uzamili una maana kwa anayetaka kufundisha chuoni, kuhamia mipango miji, au kubobea katika hifadhi ya majengo ya kale.

Kwa huyo, chaguo la kwanza linalotajwa ni Ardhi, Dar es Salaam. Ada yake ni ya chuo cha umma na kwa kawaida ndiyo nafuu kuliko zote. Lakini ada ni sehemu tu ya hesabu. Mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita mbele, pengine ya mwaka, na hapo bado hujanunua godoro. Barabara nayo ni zaidi ya kilomita 600, siku nzima ndani ya basi, kwa hiyo sahau kurudi Ijumaa kusimamia kazi ndogo uliyoiacha Sakina.

Nairobi iko kilomita 270 hivi kupitia Namanga. Unatoka asubuhi, unagonga mihuri yote miwili mpakani mahali pamoja, na alasiri uko mjini. Chumba unalipia mwezi kwa mwezi, na amana ya mwezi mmoja mara nyingi inatosha. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa usanifu na wa ubunifu, jambo linalowafaa pia watu wa samani, vifungashio na mitindo. Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, zinataka mwanafunzi wa nchi mwanachama apewe kibali cha kusoma bila malipo. Kuna pia makubaliano ya kutambuana wabunifu majengo kati ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu ya jumuiya yenyewe yako hapahapa Arusha, ingawa sijaona wengi wakiyatumia kama hoja ya kupunguziwa ada! Jedwali la ada huwa na safu ya wenyeji na safu ya wageni. Andika barua, uliza Mtanzania anawekwa safu ipi, na jibu ulipate kwa maandishi. Tofauti ya safu hizo inaweza kubadili uamuzi wako wote. Nairobi inakula fedha kwenye chakula na nauli za ndani, hilo halifichiki, lakini kwa mwenye kazi Arusha inaruhusu kipato kisikatike kabisa.

Wachoraji na wachongaji waitazame Kampala. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na majirani zetu wa Kilimanjaro walipita pale: Sam Ntiro wa Machame na Elimo Njau wa Marangu, yule aliyekwenda kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi. Uzamili wake wa sanaa unadai kazi ya mikono pamoja na tasnifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia kina idara ya sanaa bunifu, nayo inafaa zaidi kwa mtu wa jukwaani na wa utafiti. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, ni kizuri kwa stashahada na si kwa hili.

Kuna gharama ambazo hakuna jedwali linalozitaja. Karatasi ya A1 ya rangi unaiprinti mara tano kabla mwalimu hajaridhika, na kila ikitoka kwenye plota unalipa. Kadibodi, gundi, visu vya modeli. Kompyuta mpakato yenye kadi ya picha ya kueleweka, la sivyo picha moja ya jengo inachemka usiku kucha na umeme ukikatika unaanza upya. Programu za Autodesk mwanafunzi anapata bure kwa leseni ya mwaka inayohuishwa. Siku ukihitimu, bei inakuwa ya kampuni.

Ng'ambo? Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ubalozi hata hivyo utataka uoneshe euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, yaani zaidi ya shilingi milioni 30, ambazo utaruhusiwa kuchota euro 992 tu kila mwezi. Ndiyo maana ufadhili wa DAAD ndio mlango halisi, nao kwa kozi zake za maendeleo unadai uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili. Mtu wa mipango miji aitafute kozi ya SPRING ya Dortmund, ambayo Ardhi imekuwa mshirika wake kwa miaka mingi. Uingereza, ufadhili wa Chevening unalipia mwaka mmoja na unakutaka urudi nyumbani walau miaka miwili. Bila ufadhili usijaribu: ada ya afya peke yake ni pauni 776 kwa mwaka, kabla hujalipa chuo hata senti.

Na kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, ile asilimia 15 ya mshahara iweke kwenye hesabu, maana likizo ya masomo bila malipo haifuti deni. Ukichagua nje, chukua mtaala wa kozi na uthibitisho wa matokeo kabla hujaondoka chuoni. Tume ya Vyuo Vikuu itavitaka wakati wa kutambua cheti chako, na kuviomba ukiwa Kijenge ni kazi ya miezi.