Mchele wa Bariadi, ndizi za Bukoba: Hesabu ya kuunganisha safari mbili kwa meli moja

MFANYABIASHARA wa Bariadi mwenye magunia kumi ya mchele na nia ya kuyauza Bukoba hana sababu ya kukodi lori. Magunia kumi hayajazi hata Canter, na mwenye gari hatavuka mkoa wa Geita kwa mzigo wa namna hiyo mpaka apate wengine wa kujazia. Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wa Simiyu, sawa na wenzao wa Magu na Misungwi, wameendelea kuitazama meli ya Mwanza na Bukoba kama lori lao la pamoja.

Kinachowashinda wengi si kwenda. Ni kurudi. Meli inaondoka Mwanza usiku na kutia nanga Bukoba asubuhi. Ikishashusha abiria na mizigo inakaa bandarini mchana kutwa, na usiku inageuza kurudi Mwanza. Mwenye mzigo akiweza kuuza, kununua na kupanda tena meli ileile, safari imemlipa. Akichelewa kidogo tu, anabaki ugenini analipia chumba na chakula akisubiri safari nyingine, na fedha ya gesti inatoka kwenye mchele.

Meli inayozungumzwa zaidi katika njia hii ni MV Victoria, ambayo baada ya ukarabati mkubwa iliitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Ni chombo cha zamani: vipande vyake viliundwa Scotland, vikaunganishwa Kisumu, na meli ikaanza kazi mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014 ikarejea majini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200. Iko chini ya kampuni ya meli ya Serikali, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Kampuni ya Huduma za Meli (MSCL) na baadaye ikaitwa TASHICO. Kampuni hiyo pia imejenga MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, ambayo imeundwa kubeba abiria 1,200, mizigo tani 400 na magari.

Kwa miaka mingi ratiba ya MV Victoria ilikuwa kuondoka Mwanza usiku wa Jumapili, Jumanne na Alhamisi, na kuondoka Bukoba usiku wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku hubadilika, hasa meli inapokwenda matengenezo, kwa hiyo ni lazima kuuliza katika dirisha la tiketi kabla mzigo haujatoka Bariadi. Hata hivyo mpangilio huo unafaa kwa mfano, kwa sababu unaonyesha jinsi safari zinavyoshikana: anayeondoka Jumapili anafika Jumatatu, anageuza usiku huohuo, Jumanne asubuhi yuko Mwanza, na akipenda anaweza kupanda tena Jumanne usiku.

Sasa tuangalie fedha. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mmoja aweke nauli na bei za siku yake. Tuseme basi la Bariadi hadi Mwanza, kwenda na kurudi, ni Sh 40,000. Nauli ya meli kwenda na kurudi Sh 80,000. Chakula na mengineyo Sh 40,000. Jumla ni Sh 160,000. Hizi ni gharama za mtu, si za mzigo. Atazilipa awe na gunia moja au ishirini.

Kwa magunia kumi, kila gunia linabeba Sh 16,000 ikiwa anarudi mikono mitupu. Akirudi na mikungu 50 ya ndizi na kuigawia nusu ya gharama hiyo, gunia linabaki na Sh 8,000 na kila mkungu unabeba Sh 1,600. Lakini akikosa meli ya kurudi na kulala Bukoba usiku mbili kwa Sh 25,000 kila usiku, pamoja na chakula cha Sh 20,000, jumla inapanda hadi Sh 230,000. Kama katika kuhangaika huko ndizi nazo hakuzipata, kila gunia la mchele sasa lina mzigo wa Sh 23,000. Kwa mchele ambao faida yake huhesabiwa kwa shilingi chache kwa kilo, hapo biashara imekwisha.

Kwa maneno mengine, mtaji unalindwa au unaliwa katika mchana mmoja wa Bukoba. Mchana huo ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye ratiba. Meli inapofika asubuhi abiria hushuka kwanza, kisha mizigo inaanza kutoka kwa zamu. Mwenye magunia yaliyopakiwa mwanzo, yakakaa chini ya ya wenzake, huenda akayapata jua limeshapanda. Upande wa jioni nako mizigo hupokelewa mapema kuliko abiria. Kati ya hapo zinabaki saa chache za kuuza mchele, kuhesabu fedha, kununua ndizi na kuzifikisha bandarini. Anayeshuka Bukoba asubuhi ndipo aanze kutafuta mnunuzi ameshachelewa.

Mauzo yafanyike kwa simu kabla ya kupanda. Apatikane mnunuzi mmoja au wawili wenye maduka, wakubaliane aina ya mchele, uzito na bei, na ikiwezekana watume malipo ya awali kwa simu. Ni vema kutuma kilo mbili za sampuli kwa safari iliyotangulia, kwa sababu mnunuzi aliyekwisha kuupika mchele habishani juu ya chenga bandarini. Magunia yawe ya uzito unaojulikana. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na hata kama isingekatazwa, gunia la kilo 50 linabebwa na kuli mmoja na kutoka haraka, wakati gunia lililofutuka linasubiri watu wawili. Kila gunia liandikwe kwa rangi jina na namba ya simu pande zote mbili. Turubai nalo lisisahaulike: Bukoba ni mji wa mvua nyingi, tofauti kabisa na Bariadi, na mchele uliolowa gatini hauna bei.

Ununuzi wa ndizi nao uandaliwe kabla. Hapa wengi hukosea kwa kukimbilia sokoni Bukoba mjini, ambako ndizi zimekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa. Meli imezoea kupita bandari ya Kemondo, kusini mwa Bukoba, na kwa miaka mingi ndizi nyingi za Mwanza zimepakiwa hapo kwa kuwa ni karibu na wakulima. Mwenye wakala mwaminifu Kemondo anaweza kukuta mikungu yake imekatwa siku hiyohiyo, imehesabiwa na kuwekwa alama. Ikiwa yeye mwenyewe anataka kupandia Kemondo, aseme hivyo anapokata tiketi, na ahakikishe kuwa safari ya siku hiyo inapita huko.

Tahadhari moja kwa anayebeba ndizi: asichukue machipukizi ya migomba wala kufungia mzigo kwa maganda ya migomba yaliyookotwa shambani. Ugonjwa wa mnyauko bakteria ulithibitika mkoani Kagera mwaka 2006 na uliharibu mashamba mengi. Husafirishwa kwa urahisi na mimea na visu vya binadamu.

Kuhusu tiketi, wapo wanaodhani kwamba aliyekuja na meli na kurudi nayo usiku huohuo ni abiria yuleyule, basi anaweza kuacha mzigo wake wa mkononi kitandani na kurejea jioni. Sivyo. Kitanda cha jana si cha leo. Kila upande ni safari yake, yenye tiketi yake na orodha yake ya abiria. Hata katika meli kubwa za kitalii za Marekani, ambako watu hununua safari mbili mfululizo kwa starehe, abiria hao hushushwa au hukusanywa siku ya kugeuza, wakakaguliwa na kusajiliwa upya kwa safari inayofuata. Meli huhesabiwa mpaka ionekane haina mtu wa safari iliyopita, ndipo wapya waingie.

Katika Ziwa Victoria utaratibu huo hauhitaji kufundishwa na wageni. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba, baada ya kupakia watu na ndizi Kemondo. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na familia nyingi hazikuweza hata kuthibitisha kuwa ndugu yao alikuwamo, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Kilikuwa kimebeba watu wengi kuliko uwezo wake wa 100. Mfanyabiashara anayepenya getini na tiketi ya jana kwa kumjua baharia anaokoa nauli, lakini meli ikipata tatizo jina lake halimo popote. Atoe jina kamili, na aache Bariadi ujumbe wa simu unaoeleza anaondoka na meli gani, siku gani na kutoka bandari gani. Hali kadhalika, akiona chombo kimejaa kupita kiasi, mikungu 50 isimpandishe.

Tiketi ya kurudi ikatwe mapema, asubuhi ileile ya kufika Bukoba kama haikukatwa Mwanza. Kwa usiku mbili mfululizo majini, daraja lenye kitanda angalau upande mmoja si anasa. Mtu asiyelala usiku wa kwanza anahesabu vibaya mchana, na hesabu za siku hiyo ndizo zenye fedha.

Je, inafaa kuunganisha mzunguko wa pili, yaani kufika Mwanza Jumanne asubuhi na kuondoka tena Jumanne usiku bila kurudi Bariadi? Katika mfano wetu, mizunguko miwili ingegharimu Sh 280,000 badala ya Sh 320,000, kwa kuwa nauli ya basi inalipwa mara moja. Kwa magunia 20 ni nafuu ya Sh 2,000 kwa gunia. Si haba, ila si hiyo inayompa mtu sababu ya kulala usiku nne kwenye meli. Faida yenyewe iko kwenye mtaji: fedha ileile inafanya kazi mara mbili katika wiki moja.

Ila mzunguko wa pili unahitaji mtu Bariadi. Mchele ukiuzwa Bukoba Jumatatu asubuhi, sehemu ya fedha inabaki kununua ndizi na sehemu inatumwa kwa simu mchana huo. Mdogo mtu, au mke, au mume, anapokea, ananunua mpunga uliokwisha kukobolewa na kupakia jioni au alfajiri. Tangu barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi, takriban kilometa 72, izinduliwe mwaka 2017, gari linaloondoka alfajiri hufika Mwanza kabla ya mchana kwa kupitia Magu, na mzigo unawahi kupokelewa bandarini. Mnunuzi wa Bukoba akisema atalipa Ijumaa, mnyororo wote umekatika. Ndiyo sababu biashara ya kuunganisha meli haiendi na mkopo, hata kwa mteja wa siku zote.

Ushuru nao uhesabiwe. Mabadiliko ya mwaka 2017 yalipunguza ushuru wa mazao hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na kuruhusu mzigo usiozidi tani moja kupita kutoka halmashauri moja hadi nyingine bila ushuru huo. Magunia kumi ya kilo 100 yanaishia hapohapo kwenye tani moja. Anayefikiria kuongeza choroko au dengu kwenye mzigo aende kwanza ofisi ya kilimo ya halmashauri, kwa kuwa mazao hayo mkoani Simiyu yameingizwa kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani na hayanunuliwi kiholela vijijini. Mchele na michembe ni rahisi zaidi.

Lipo swali la daraja. Tangu Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi, lifunguliwe Juni 2025, malori hayapangi foleni tena kusubiri kivuko, na mwenye tani kumi atapenda barabara. Kwa mwenye tani moja au mbili hesabu ni nyingine: lori humtoza nafasi na kumfanya asubiri wenzake, meli humtoza mzigo alionao na huondoka kwa ratiba. Mwenye tani tano ndiye wa kupiga simu pande zote mbili kila wiki.

Ndizi zikifika Mwanza asubuhi, zisipelekwe zote Bariadi. Sehemu kubwa iuzwe palepale kwa wachuuzi wanaosubiri meli, hata kwa bei ya chini kidogo, na mikungu kumi au kumi na miwili iliyokomaa vizuri ipande gari la Lamadi kwa ajili ya mama lishe na wauza ndizi mbivu wa stendi ya Bariadi. Zikizidi hapo, zitaiva kabla hazijapata mlaji.