Mboga ya Nyumba Nzima kwa Kijiko Kimoja cha Mafuta

Kila siku ya kliniki ya presha tunawaambia wagonjwa wapunguze mafuta na chumvi. Baba huitikia vizuri. Nyumbani hupikiwa mboga yake peke yake, ya kuchemsha, haina ladha. Baada ya wiki mbili amechoka, anarudi kwenye sufuria ya wenzake, na presha inapanda tena. Kwa hiyo tunawasihi akina mama mpike sufuria moja ya wote.

Kwa watu watano chukua mafungu manne ya mchicha, nyanya mbili, karoti, kitunguu na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Pima kwa kijiko. Anayemimina kutoka kwenye chupa hajui ametia kiasi gani. Kijiko hicho kimoja kina kalori zipatazo 120.

Osha mchicha kabla ya kuukata, maana ukioshwa baadaye vitamini C huenda na maji. Kaanga kitunguu, kikianza kushika chini, nyunyizia maji, usiongeze mafuta. Tia nyanya na karoti, funika hadi zilainike. Tia mchicha, funika dakika tatu hadi tano, epua ungali kijani. Magadi tuyaache. Hulainisha upesi, ni kweli, lakini huharibu vitamini na yana sodiamu, ileile ya chumvi inayomsumbua mwenye presha. Chumvi yenyewe, kwa mtu mzima, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kamulia limau mezani: linaleta ladha na kusaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai ya rangi isubiri, kwani huyazuia.

Wapo waliosikia "punguza" wakaacha mafuta kabisa, hata kwa watoto. Hapana. Vitamini A ya majani na karoti haipokelewi vizuri pasipo mafuta kidogo. Mtoto mdogo mpakulie chake, umchanganyie kijiko cha karanga zilizosagwa. Karanga zenye ukungu zitupwe, zina sumukuvu.

Vidonge vya presha viendelee kama alivyoagiza daktari.

Tumeulizwa kama kisamvu nacho chaweza kupikwa hivi. Hakiwezi. Kina sumu yake, lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu, basi kiwekeeni siku ya nafasi.