Jinsi Matope Yanavyokula Gurudumu la Baisikeli

Nchi ya Karagwe, katika mkoa wa Kagera, ni nchi ya vilima na mabonde. Kituntu ni moja ya kata zake. Nyumba zimezungukwa na migomba na mibuni, na njia za kwenda shambani, shuleni na sokoni hupanda na kushuka. Mvua hunyesha huko kwa vipindi viwili kila mwaka: masika, tangu mwezi wa Machi mpaka Mei, na vuli, tangu Septemba au Oktoba mpaka Desemba. Kati ya vipindi hivyo upo ukame mrefu wa Juni, Julai na Agosti, ambao huko huitwa ekyanda. Katika ekyanda njia huwa ngumu na yenye vumbi. Mvua ikija, vumbi lile lile hugeuka kuwa tope jekundu linaloshika kila kitu kinachopita juu yake. Barabara kuu itokayo Kyaka kwenda Bugene imetiwa lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo.

Baisikeli huko si chombo cha matembezi. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi yake, lakini wako bado wengi wanaopeleka ndizi, kahawa, maji na kuni kwa baisikeli. Mkungu mmoja wa ndizi waweza kuwa na uzito wa kilo 20, na mkubwa hufika 40. Mtu akifunga mikungu mitatu, mmoja juu ya keria na mmoja kila ubavu, gurudumu la nyuma huchukua mzigo unaopita uzito wa mtu mzima. Mara nyingi mwenye baisikeli hapandi. Huisukuma kwa mikono mlimani, na bondeni huizuia isimkimbie. Gurudumu likivunjika njiani siku ya soko, ndizi hulala kando ya njia, na bei ya siku ile hupotea. Breki zikikataa mtelemkoni, hasara yaweza kuwa kubwa kuliko ndizi.

Ili kufahamu jinsi gurudumu linavyoharibika, sharti kwanza kujua jinsi linavyobeba mzigo. Magurudumu ya magari ya zamani, yaliyovutwa na farasi au ng'ombe, yalikuwa na vijiti vinene vya mti. Mzigo ulisimama juu ya kijiti cha chini, kama paa linavyosimama juu ya nguzo. Spoki ya baisikeli haiwezi kufanya hivyo. Unene wake ni kama milimita 2 tu, na ikibanwa kwa urefu hujipinda mara moja. Nguvu yake imo katika kuvutwa. Eugène Meyer wa Paris alionyesha mwaka 1869 ya kuwa gurudumu laweza kusimama kwa waya zilizovutwa, na mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, alizipanga spoki kwa mshazari zikipishana, kama zilivyo hata leo. Kisha mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akapata hati ya tairi la kujazwa upepo. Baisikeli nyingi za kazi za mtindo wa Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye mzigo.

Kila spoki imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na mwisho wake wa pili umekazwa kwa nati ndogo kwenye ringi. Zote huvuta kwa pamoja, nazo huishika ringi katika duara yake. Mtu anayeijua enanga, kile kinanda cha nyuzi cha Wanyambo na Wahaya, hatapata taabu kufahamu jambo hili. Uzi uliokazwa vizuri hutoa sauti ya juu na safi; uliolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Baisikeli ikigeuzwa juu chini, na spoki zikapigwa kwa ukucha moja baada ya moja, ile iliyolegea hujulikana kwa sauti yake kabla jicho halijaona kasoro yo yote. Mafundi wenye sikio zuri hufanya hivyo hivyo.

Sasa, gurudumu linapozunguka chini ya mzigo, spoki zinazofika chini hulegea kidogo, na zikipanda hukazwa tena. Gurudumu la inchi 28 lina mzunguko wa meta 2 na robo hivi, basi katika kilomita moja huzunguka kama mara 450. Mwendo wa kilomita 20 ni mizunguko 9,000, na kila spoki hulegezwa na kukazwa mara 9,000. Ajuaye kukata waya bila koleo huipinda huku na huku mpaka ikatike. Waya haikukatwa na nguvu ya mkono. Imekatwa na wingi wa marudio. Spoki hufa kwa njia hiyo hiyo, na mara nyingi hukatika kwenye kiwiko, pale inapopinda kuingia katika tundu la habu. Ajabu ni kwamba spoki iliyokazwa sawasawa huishi zaidi kuliko iliyolegea. Iliyolegea huchezacheza katika tundu lake, mara inavutwa, mara haivutwi kabisa, na mchezo huo ndio unaoiua. Tena moja ikikatika, jirani zake huubeba mzigo wake, nazo huchoka upesi. Spoki moja iliyovunjika Jumatatu na kuachwa huweza kuwa nne kabla ya Jumamosi.

Hayo yote hutokea hata katika ekyanda. Mvua huleta maadui wengine wawili, kutu na mchanga.

Miamba ya Karagwe ina sifa kwa wataalamu wa mawe, hata kundi lake zima wameliita kwa jina la Karagwe na Ankole. Ndani yake mna mwamba mgumu unaotokana na mchanga wa kale, na chembe zake ni za kwatsi, yale mawe madogo meupe au maangavu yanayong'aa njiani baada ya mvua. Kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe yake ikisuguliwa juu ya chuma, chuma ndicho kinachochorwa. Na wekundu wa udongo wenyewe watoka wapi? Ni chuma kilichoungana na hewa na maji, ndugu wa ile kutu inayotoka juu ya jembe lililosahauliwa nje. Basi baisikeli inapopita katika tope la Karagwe hupakwa mchanganyiko wa maji, kutu na tupa.

Breki ndizo za kwanza kuonja. Katika baisikeli za kazi za mtindo wa zamani breki huendeshwa kwa fito za chuma, na vipande vyake vya mpira huvutwa juu vikabana ringi kwa ndani, upande unaoelekea habu. Tope likikaa hapo, kila mshiko wa breki ni kama kupiga msasa. Kwanza ile ngozi nyembamba ya kung'aa iliyopakwa juu ya ringi huisha, kisha chuma hubaki uchi, kutu huingia, na ringi huwa nyembamba mwaka kwa mwaka. Ringi za alumini hazishiki kutu nyekundu, lakini ni laini zaidi. Kuta zake husagwa mpaka siku moja zikapasuka kwa nguvu ya upepo ulio ndani ya tairi. Mtu anayepitisha kidole juu ya ringi na kukuta bonde mahali pa breki amekwisha pata onyo.

Liko jambo lingine la breki lililo la hatari zaidi, kwa kuwa halionekani. Ringi ya chuma ikilowa, breki hushika kidogo sana, na mwendo wa kusimama huwa mrefu mara kadhaa kuliko wa kiangazi. Sababu ni maji yaliyo katikati ya mpira na chuma. Sharti yafutwe kwanza ndipo vitu viwili vigusane. Mizunguko ya kwanza ya gurudumu hufanya kazi ya kufuta tu. Kwa hiyo mwendeshaji mwenye busara hangoji kufika penye mtelemko. Hubana breki kidogo kidogo tangu juu, ringi ikafutika, ndipo huteremka. Na akiwa na mzigo mkubwa hushuka akatembea. Wako wanaoendesha bila breki kabisa, wakisimamisha gurudumu kwa kukanyaga tairi kwa ndara. Siku kavu hufaulu. Siku ya mvua ndara huteleza juu ya tairi kama juu ya ganda la ndizi.

Ndani ya habu mna gololi, kwa kawaida 10 ndogo kila upande mbele na 9 kubwa kidogo kila upande nyuma, nazo huzunguka katika grisi. Maji yakiingia huiondoa grisi, na chembe za kwatsi hukaa mahali pake. Gololi zilizokuwa laini kama kioo hupata madoa, na njia zinamopita huchimbika. Dalili yake ni mbili. Gurudumu likizungushwa kwa mkono husikika mkwaruzo, na likishikwa juu na kutikiswa huku na huku hucheza. Wengine hukaza nati ili uchezaji ukome. Ukweli ni kwamba hawajaponya kitu, kwani mchanga ungali ndani, na sasa unasaga kwa nguvu zaidi. Dawa ni kufungua, kuosha kwa mafuta ya taa, kubadili gololi zilizoharibika, na kutia grisi mpya. Gololi na grisi hugharimu kidogo. Habu nzima hugharimu sana.

Mnyororo nao husemwa ya kuwa umerefuka. Chuma chake hakikuvutwa kikawa kirefu. Pini zake zimelika, kila moja kidogo, na matundu yake yamepanuka, na jumla ya hivyo vidogo ndiyo urefu. Nafasi 24 za mnyororo mpya hupata inchi 12 kamili, yaani karibu sentimita 30 na nusu. Zikizidi kwa milimita 3, mnyororo umekwisha, na ukiachwa utaharibu meno ya gia, hata mnyororo mpya ukitiwa usikae vema. Kutia mafuta juu ya matope si kuponya. Ni kuyaalika yaingie ndani. Hufutwa kwanza kwa kitambaa, hutiwa tone la mafuta kwenye kila pini, kisha hufutwa tena kwa nje. Na katika gia ya nyuma mna vijino vidogo vyenye springi, vinavyoiwezesha kuzunguka bure mguu ukitulia. Tope likivigandisha, mtu hukanyaga pedali nazo huzunguka pasipo kuvuta kitu.

Madigadi ni habari ya mashaka. Tope la Karagwe hujaa kati ya madigadi na tairi mpaka gurudumu likakataa kabisa kuzunguka, na hiyo ndiyo sababu wengi huyang'oa. Lakini baisikeli isiyo na madigadi hurusha maji yote juu ya mnyororo na gololi za pedali. Njia iliyo nzuri zaidi ni kuyainua kidogo ili nafasi iwe kubwa, na kubeba kijiti cha kukwangulia.

Taabu hizi si za Karagwe peke yake. Katika nchi za baridi kali, kama Ufini, ambako watu wa mji wa Oulu huendesha baisikeli hata katika theluji, adui mkubwa wa vyombo vya barabarani ni chumvi, inayomwagwa penye barafu mahali pengi pa Ulaya ili iyeyuke. Maji ya chumvi hula chuma upesi kuliko maji matupu. Watu wa Unguja na wa pwani wanaijua kazi hiyo bila kuona theluji, kwani upepo wa bahari huwaletea chumvi mlangoni. Karagwe iko mbali na bahari, na mvua yake ni maji baridi. Mzigo wake ni mchanga.

Kutu hufanya hila moja ambayo mafundi huilalamikia kuliko zote. Maji hupenya chini ya tairi, yakakaa ndani ya ringi juu ya zile nati ndogo za spoki. Nati hushikana na spoki kama zilizochomelewa. Gurudumu likipinda, fundi hawezi kulinyosha, maana akitia spana, spoki hujisokota ikakatika. Tone la mafuta kwenye kila nati kabla ya masika, kazi ya robo saa, huzuia hayo. Baada ya safari baisikeli huoshwa kwa maji ya kopo na kitambaa, si kwa kuitumbukiza mtoni mpaka habu zikazama, kisha huwekwa chini ya mapaa ikauke.

Gurudumu lililokwisha halitupwi. Mpira wa ndani hukatwa kuwa kamba za kufungia mikungu. Spoki zilizonyoka huchongwa ncha zikawa vijiti vya kuchomea nyama. Ringi iliyoliwa na breki, iliyobaki bila spoki hata moja, huchukuliwa na watoto, nao huikimbiza njiani kwa fimbo iliyowekwa katika mfereji wake.